Mume ameleta barua ya miaka 20 na fomu ya kusaini: je, nisaini?

Swali hili limetoka kwa msomaji anayeishi Texas. Nimelifupisha bila kubadili maana:

"Mume wangu ana miaka 44, ni sajini katika Jeshi la Akiba la Marekani. Mwezi uliopita aliletewa barua ya kumjulisha kwamba ametimiza miaka 20 ya utumishi na atapata pensheni akifika miaka 60. Barua ilikuja na fomu. Yeye ameshatia alama kwenye A, na anataka Jumamosi twende kwa notari nisaini kwamba nimekubali. Anasema hakuna haja ya kujitwika makato wakati ana bima ya maisha ya jeshi, na kufikia miaka 60 tutakuwa na nyumba zetu za kupangisha kule Ruiru. Mimi nina miaka 39, bado nina kadi ya kijani, tulifunga ndoa kanisani Nakuru na tuna watoto wawili. Yeye ana binti mwingine Kenya, aliyemzaa kabla hatujaoana, analelewa na bibi yake. Nisaini?"

Dada yangu, Jumamosi hii usisaini. Sisemi hivyo kwa kumdhania vibaya mume wako. Hoja zake nimezisikia kwa waume wengi waaminifu, na zote zimejengwa juu ya jambo moja ambalo si kweli: kwamba ukichagua A unaokoa fedha sasa. Huokoi hata senti. Kaeni nyumbani msome fomu hiyo pamoja, kisha mwamue. Muda mnao, ila si mwingi: ni siku 90 tangu siku aliyopokea barua, na kwa maelezo yako zimeshapungua.

Fomu hiyo ni DD 2656-5. Inahusu mpango wa mafao ya warithi wa wanajeshi wa akiba, ambao kwa kifupi huitwa RCSBP. Wanajeshi wa kudumu walipata mpango wao, SBP, mwaka 1972, lakini ulikuwa na pengo kubwa kwa watu kama mume wako. Mwanajeshi wa kudumu akistaafu, pensheni yake huanza mara moja. Mwanajeshi wa akiba anaweza kutimiza miaka 20 akiwa na umri wa miaka 40 na kitu, halafu akangoja mpaka 60. Akifariki katikati ya safari hiyo, zamani mkewe hakupata chochote, kwa sababu pensheni yenyewe ilikuwa haijaanza. Miaka 20 ya kuvaa sare wikendi, ya kuacha familia kila kiangazi kwenda mazoezini, pengine na safari ya vitani ndani yake, yote ilipotea. Mwaka 1978 Bunge la Marekani likaliziba pengo hilo kwa RCSBP. Kwa hiyo fomu mliyo nayo mezani imeandikwa kwa ajili ya miaka hii 16 iliyobaki kati ya 44 na 60. Ya baada ya 60 yana nafasi yake.

Sasa herufi zenyewe. A maana yake ni kwamba mume wako haamui sasa. Ataamua atakapoanza kulipwa pensheni. Akifika siku hiyo akiwa hai, mtapewa nafasi mpya ya kuingia katika SBP ya kawaida, na hapo pia akitaka kukataa au kupunguza itabidi ukubali kwa saini. Lakini akifariki kabla ya kufika, hakuna malipo kwako wala kwa watoto kutoka mpango huu. Si kidogo, si baadaye, hakuna kabisa.

B inakulinda, ila inakungojesha. Akifariki leo, malipo yako yataanza siku ambayo yeye angetimiza miaka 60. C inaanza kukulipa kuanzia siku inayofuata kifo chake, hata awe na miaka 45.

Kiasi chake ni asilimia 55 ya kile kinachoitwa kiwango cha msingi, ambacho mkichagua ulinzi kamili ni pensheni yake yote. Pensheni ya akiba hukokotolewa kwa pointi: jumla ya pointi alizokusanya hugawanywa kwa 360 kupata miaka, miaka ikazidishwa kwa asilimia 2.5, kisha kwa wastani wa mshahara wa msingi wa miezi yake 36 ya juu kabisa. Tuchukue mfano rahisi wa pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi. Asilimia 55 yake ni dola 550. Mume wako akifariki akiwa na miaka 47, chini ya C ungeanza kupata karibu dola 550 kila mwezi mara moja. Chini ya B ungengoja miaka 13 kwanza. Miaka hiyo 13 peke yake ni dola 85,800, na hapo sijahesabu nyongeza ya kila mwaka ya kufidia kupanda kwa gharama za maisha, ambayo malipo haya hupata. Chini ya A usingepata chochote, si katika miaka hiyo 13 wala baada yake.

Nimesema "karibu" nikiwa na sababu. Mpango wa akiba una gharama ya nyongeza kwa miaka ya kungoja, na hesabu hiyo hugusa kidogo hata malipo ya mjane. Ukiletewa makadirio ukaona yako chini kidogo ya 55 kamili, hakuna aliyekuibia.

Hapa ndipo tunafika kwenye hoja ya makato, na naomba umsomee mume wako sehemu hii. Makato ya RCSBP hayaanzi leo. Hakuna kinachotoka kwenye mshahara wake wa akiba, wala kwenye mshahara wa kazi yake ya kiraia, wala mfukoni mwako. Makato huanza siku pensheni yenyewe inapoanza, na hutoka kwenye pensheni hiyo kabla ya kodi. Basi fedha anazosema atazipeleka Ruiru kwa kuchagua A hazipo. Kwa miaka 16 ijayo, mwenye A na mwenye C wana kiasi kilekile mfukoni. Tofauti ni kwamba mke wa mmoja ana ulinzi na wa mwingine hana.

Baada ya 60 ndipo gharama inapoonekana. Kwa ulinzi wa mwenzi katika SBP hukatwa asilimia 6.5 ya kiwango cha msingi. Katika mfano wetu ni dola 65 kwa mwezi. Aliyechagua B au C huongezewa juu yake ile gharama ya miaka ya kungoja, inayotegemea umri wake, umri wako na herufi aliyochagua, na C ni ghali kuliko B. Nyongeza hiyo ndiyo bei halisi ya kulindwa kati ya 44 na 60. Msiikadirie kwa kichwa. Mwombeni afisa wa huduma za wastaafu wa kamandi yake awatolee makadirio kwa umri wenu halisi, kwa B na kwa C, kwenye karatasi. Katika Jeshi la Akiba maafisa hao wapo, kazi yao ni hiyo, na hawatozi kitu. Mkishaiona namba hiyo, zungumzeni juu ya namba, msizungumze juu ya "makato" kwa ujumla.

Mume wako atasema: lakini nina bima. Ni kweli, na ni bima nzuri. SGLI, bima ya maisha ya jeshi, tangu tarehe 1 Machi 2023 inafika dola 500,000, na mwanajeshi wa akiba anayehudhuria mazoezi anaipata kama wenzake wa kudumu. Sitaki uidharau. Nataka muone inafanya kazi gani na haifanyi gani.

Kwanza, ina mwisho. Akiacha jeshi au akihamia kwa wastaafu wanaongoja umri, SGLI humfuata kwa siku 120 tu. Anaweza kuibadilisha kuwa VGLI, bima ya mwanajeshi aliyetoka, bila kupimwa afya kama ataomba ndani ya siku 240, lakini ada ya VGLI hupanda kila anapoingia rika jipya la miaka mitano. Mtu wa miaka 44 anaweza kutumikia miaka michache zaidi kisha akapumzika. Katikati ya pale na 60 atakuwa analipa bima inayopanda bei kila mara, au hana bima kabisa. RCSBP haimuulizi kama bado anahudhuria mazoezi, wala haimuulizi sukari yake iko ngapi.

Pili, mnufaika wa SGLI huchaguliwa na mume peke yake. Anaweza kukuandika wewe leo, kesho akamwandika mama yake au kaka yake, na sheria haihitaji saini yako, unajulishwa tu. Nimeona familia nyingi za kwetu ambako fomu ya bima ilijazwa kijana akiwa hajaoa, jina la mama likaandikwa, na miaka 15 ya ndoa ikapita bila mtu kuigusa. Mume hakuwa na ubaya wowote. Alisahau. Muombe akuonyeshe jina lililoko sasa hivi kwenye SGLI, kabla hata ya kuendelea na fomu hii.

Tatu, na hili ndilo linalonisukuma niandike kirefu hivi. Bima hulipwa kwa mkupuo, na kwetu fedha za mkupuo za msiba hazikai. Unazijua kamati za mazishi. Unajua gharama ya kusafirisha mwili kutoka Dallas hadi Nairobi na kutoka Nairobi hadi kijijini. Unajua kwamba mashemeji watakuja na madeni ambayo marehemu hakuwahi kukutajia, kwamba kutakuwa na karo za watoto wa ndugu alizokuwa akizilipa kimyakimya, na kwamba mtu atataka paa la nyumba ya wazazi limalizwe "kama alivyotaka marehemu". Baadhi ya madai hayo ni ya haki, na mjane mwenye huruma hulipa. Baada ya mwaka mmoja au miwili, nusu milioni ile inayoonekana haina mwisho imekuwa kitu kingine kabisa. Malipo ya RCSBP hayawezi kufanywa hivyo. Huwezi kuyauza, huwezi kuyaweka rehani, na sheria ya Marekani hairuhusu mdai kuyakamata. Hayaingii kwenye mirathi. Hakuna kikao cha ukoo kitakachoyagawa, hakuna barua ya chifu inayotakiwa. Yanaingia kwenye akaunti yako mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, mpaka siku ya mwisho ya maisha yako. Mwanamke wa miaka 42 mwenye watoto wawili anahitaji vyote viwili: mkupuo wa kuvuka msiba, na kitu kidogo kisichokatika cha kuishi nacho baadaye.

Kuhusu nyumba za Ruiru nina maneno machache. Jengeni, ni jambo jema. Ila jiulizeni hati ya kiwanja ina jina la nani. Mume akifariki bila wosia, Sheria ya Urithi ya Kenya inampa mjane mwenye watoto vitu vya nyumbani pamoja na haki ya kuitumia mali iliyobaki akiwa hai, si haki ya kuiuza atakavyo. Watoto wote wa marehemu, akiwemo binti aliyezaliwa kabla ya ndoa yenu, wana fungu lao. Kuifuatilia kesi ya mirathi ukiwa Texas ni kazi ya miaka. Nyumba za kupangisha haziwezi kuchukua nafasi ya malipo ambayo hayahitaji mahakama.

Labda unajiuliza kwa nini saini yako inatakiwa wakati mwanajeshi ni yeye. Tangu tarehe 1 Januari 2001, mwanajeshi wa akiba mwenye mke au mume hawezi kuchagua A, wala B, wala ulinzi wa chini ya kiwango kamili, bila mwenzi wake kukubali kwa maandishi mbele ya notari. Kabla ya hapo aliamua peke yake, na asiporudisha fomu alihesabiwa kuwa amechagua A. Wajane wengi waligundua baada ya maziko kwamba ukimya wa mume ulikuwa umewaacha bila kitu. Sheria ikageuza maana ya ukimya. Leo, siku 90 zikipita bila fomu halali kurudishwa, mwenye familia huhesabiwa kuwa amechagua C kwa kiwango kamili. Hata akifariki ndani ya siku hizo 90 kabla ya kuchagua, au ametimiza miaka 20 lakini barua haijamfikia, mjane hulindwa vivyo hivyo. Kwa hiyo usipotia saini hujazuia kitu chochote wala hujamfungia mume mlango. Saini yako ndiyo inayoondoa ulinzi. Ndiyo maana wanataka iwe mbele ya mtu anayethibitisha kwamba ni wewe, na isiwe na tarehe inayotangulia ile ya saini ya mume. Ukisaini karatasi tupu ili yeye ajaze baadaye, umetoa kitu ambacho Bunge lilikupa kwa makusudi.

Je, C ndiyo jibu la kila mtu? Hapana. Mwanamke ambaye ana pensheni yake nono ya kazi na watoto wameshamaliza chuo anaweza kuridhika na B, kwa sababu miaka ya kungoja ataivuka kwa mshahara wake. Mke mwenye umri mkubwa kuliko mumewe, tena mgonjwa, ana nafasi ndogo ya kumzika mume, na hapo gharama inaweza kukosa maana. Wako wanaochagua C kwa kiwango kilichopunguzwa; chini kabisa ni dola 300 za kiwango cha msingi, na hilo pia linahitaji saini yako. Kwa miaka 39, na watoto wawili ambao kwa vyovyote bado wanawategemea, sioni kwa nini usiwe na C. A siipendekezi karibu kwa mtu yeyote mwenye mke na watoto wadogo. Ninasema hivyo nikijua kwamba kuna washauri wa fedha wanaoipigia debe pamoja na bima ya kununua. Bima wanayouza wao ina kamisheni, RCSBP haina.

Jueni pia kwamba B na C hazibadilishwi. Mkishachagua, hamwezi kufika 60 mkasema tumebadili mawazo. Kuna dirisha moja tu la kujitoa: kati ya mwezi wa 25 na wa 36 tangu pensheni ianze kulipwa, na saini yako itahitajika tena, na yaliyokatwa hayarudishwi.

Sasa binti wa Kenya. Sikuona kinyongo katika swali lako, na nimefurahi umemtaja, kwa sababu wengi humficha mpaka siku ya msiba. Fomu ina nafasi ya kuchagua mwenzi peke yake, au mwenzi na watoto. Kuongeza watoto hakupunguzi malipo yako. Wewe ndiwe wa kwanza. Watoto hulipwa tu kama wewe utafariki au utapoteza haki, na hapo wanagawana sawa mpaka kila mmoja afike miaka 18, au 22 akiwa bado hajaoa wala kuolewa na anasoma muda wote. Mtoto mwenye ulemavu uliomzuia kujitegemea tangu utotoni anaweza kulindwa maisha yote. Gharama ya kuongeza watoto ni ndogo mno, na msipowaandika sasa mnapochagua B au C, hamtaweza kuwaongeza baadaye. Waandikeni.

Lakini kuna sharti ambalo watu wa kwetu hawaambiwi. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa huhesabiwa kama baba amemtambua na mtoto anaishi naye katika uhusiano wa kawaida wa mzazi na mtoto. Binti anayelelewa na bibi yake ng'ambo ya bahari anaweza kukwama hapo. Ulizeni mapema, na mume wako akusanye sasa cheti cha kuzaliwa chenye jina lake, kumbukumbu za fedha anazotuma, na chochote kinachoonyesha kuwa anamlea. Na kwa kuwa jibu linaweza kuwa hapana, njia ya uhakika ya kumlinda binti huyo ni ile SGLI: mume amwandikie asilimia fulani ya bima kwa jina, na aweke utaratibu wa mtu mzima atakayezishika fedha hizo mpaka binti akue, maana mtoto mdogo hakabidhiwi fedha za bima mkononi. Hivi ndivyo ningewashauri mgawane vyombo hivi viwili: pensheni ya mjane kwako na watoto wa nyumbani, sehemu ya bima kwa binti. Mkikubaliana hivyo mkiwa hai, mtamwondolea kila mtu vita.

Hoja ya kadi ya kijani isikutishe. Mwenzi halazimiki kuwa raia wa Marekani ili alipwe. Mahali ambapo hadhi yako itakugusa ni kwenye kodi. Malipo haya hutozwa kodi ya serikali kuu kama pensheni nyingine. Ukiwa mkaaji wa Marekani unatozwa kwa viwango vya kawaida, na mjane mwenye kipato kidogo hulipa kidogo au hakuna. Ukirudi Kenya ukaiachia kadi ya kijani bila kuwa raia, utahesabiwa mgeni asiyekaa Marekani na utakatwa asilimia 30, kwa kuwa Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato. Tanzania nayo haina. Kama unaota kuzeekea Nakuru, hiyo ni sababu ya kuomba uraia kabla hujaondoka. Na ukiishi nje utatakiwa mara kwa mara kurudisha fomu inayoonyesha kwamba ungali hai. Ikichelewa malipo husimamishwa.

Ndoa ya kanisani Nakuru ni halali kwa Marekani. Hakikisha cheti chake kimeingizwa DEERS, daftari la jeshi la wategemezi, na kwamba majina yako kwenye cheti, pasipoti na kadi ya kijani yanafanana. Kwa wasomaji wengine ambao mahari ililipwa na wazee wakakubaliana lakini hakuna cheti: Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe. Isajilini sasa mume akiwa hai. Mjane asiye na cheti huanza kutafuta mashahidi wakati ana machozi, na pengine wakati kuna mwanamke mwingine mwenye cheti. Anayeoa baada ya kupata barua ya miaka 20 ana mwaka mmoja tangu ndoa kumwingiza mkewe, na mke huyo huwa na haki kamili ndoa ikitimiza mwaka au wakipata mtoto.

Ukiolewa tena kabla ya kufika miaka 55, malipo husimama. Ndoa hiyo ikivunjika au mume wa pili akifariki, hurudi. Ukiolewa baada ya 55 hayaguswi. Mkiachana, ulinzi haukufuati wenyewe. Lazima hukumu ya talaka itamke kwamba unabaki mnufaika, na maombi yapelekwe ndani ya mwaka mmoja: mume kwa kubadili uchaguzi, au wewe mwenyewe kwa fomu DD 2656-10 ukiambatanisha hukumu. Wanawake wengi wamepoteza haki hii wakiwa na hukumu nzuri kwenye droo, kwa sababu hakuna aliyeipeleka.

Na kama mume atafariki kwa sababu inayohusiana na utumishi wake, kuna malipo mengine ya Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, yaitwayo DIC. Zamani dola moja ya DIC ilipunguza dola moja ya SBP, na wajane walipigania kuondolewa kwa jambo hilo kwa miaka mingi. Lilipunguzwa hatua kwa hatua kuanzia 2021, na tangu tarehe 1 Januari 2023 mjane hupata vyote kamili. Mtu akikuambia "vitafutana", anazungumza habari za zamani. Ila msitegemee DIC kama mpango: vifo vingi vya watu wa umri wa mume wako ni ajali, moyo na saratani, mambo yasiyohusiana na sare, na hapo RCSBP ndiyo inayobaki.

Mkikubaliana juu ya C, mume ajaze upya fomu safi, na hapo saini yako ya kukubali haitakiwi mradi ni C kwa kiwango kamili. Itumeni kwa njia ya posta yenye uthibitisho wa kupokelewa, kwa anwani iliyo kwenye barua yenyewe. Ya Jeshi la Akiba huishia kwenye kamandi ya rasilimali watu huko Fort Knox, Kentucky. Wekeni nakala ya barua ya miaka 20, ya fomu na ya risiti ya posta, moja nyumbani na nyingine kwa mtu mnayemwamini. Miaka 15 baadaye, ofisi zikibadilisha mifumo, karatasi hizo ndizo zitakazokusemea.

Na uandike mahali watoto watakapoona: baba akifariki, jeshi la akiba halitajua lenyewe kama alikuwa ameshaacha kuhudhuria mazoezi. Ni wewe utakayelijulisha, kisha utajaza DD 2656-7 kudai malipo. Usiache miaka ipite, kwa sababu madai ya malipo ya nyuma yana ukomo wa miaka 6. Pensheni yenyewe pia haijileti. Mume akikaribia 60 lazima aiombe. Kama alitumikia kazini siku 90 au zaidi baada ya tarehe 28 Januari 2008, kwa mfano safari ya Afghanistan, anaweza kuanza kulipwa kabla ya 60, miezi mitatu mapema kwa kila siku 90 zinazostahili. Amuulize huyohuyo afisa wa huduma za wastaafu siku mtakayokwenda kuchukua makadirio, na muende wote wawili.